Mtoto wa miaka minne ana kilo 21: usimwekee dieti, anza na chakula cha nyumba nzima

Swali: "Shikamoo dokta. Nina watoto wawili, tunaishi Tabata, Dar. Mkubwa wa kiume ana miaka 4 na miezi 2, yuko bebi klasi, juzi wamepimwa shuleni akakutwa kilo 21 urefu sentimita 105, mwalimu akaniambia amezidi uzito. Mama mkwe anayeishi nasi anasema mtoto ana afya niache kumuandama, mume wangu anasema kwao wote wana miili. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa na maandazi mawili, shule anabeba biskuti na juisi ya boksi, akirudi anakula wali au ugali analishwa na dada, saa kumi uji, usiku tunakula wote nikirudi kazini na kulala lazima apate maziwa ya chupa. Mboga hataki kabisa. Nimuanzishie dieti? Na hawa watu wa nyumbani nawafundishaje wakati mimi nashinda kazini? Mdogo ana miezi 8."

Marahaba mama, na asante umeandika mpaka saa ya uji, imenisaidia sana maana wengi wananiandikia tu mtoto wangu mnene nifanyeje alafu nakosa pa kuanzia. Mimi sio daktari, ni mtu wa lishe, miaka yote kazi yangu ni kukaa na kina mama kliniki na majumbani tunaongea chakula, kwaiyo ntakujibu kwa upande huo na panapohitaji daktari ntakwambia.

Kwanza namba. Kilo 21 peke yake haisemi kitu mpaka uiweke na urefu. Mvulana wa katikati wa umri wa mwanao ana kama kilo 16 na nusu na urefu kama sentimita 104, sasa wa kwako urefu wake uko sawa kabisa, maana yake hizo kilo nne na ushee zilizozidi hazijaenda kwenye urefu. Chukua 21 gawa kwa 1.05, ukipata jibu gawa tena kwa 1.05, inakuja 19, hicho ndo kipimo cha uzito kwa urefu wanachokiita BMI. Kwa mvulana wa umri huo mstari wa +2 kwenye chati ya WHO, yani Shirika la Afya Duniani, upo kwenye 18 na kidogo, na mstari wa +3 upo karibu na 20, namba ya mstari ikipanda ujue mtoto yuko mbali zaidi juu ya yule wa katikati. Chini ya miaka mitano mtoto akivuka +2 tunasema ana uzito uliozidi, akivuka +3 ndo kiribatumbo, yani unene uliopitiliza. Kwaiyo mwalimu yuko sahihi, mtoto amezidi uzito ila kwenye kiribatumbo hajafika, na umeshtuka mapema wakati bado ni rahisi kurekebisha. Nenda kliniki akapimwe tena bila viatu wala sweta, kimo apimwe kasimama wima visigino vimegusa ubao, maana kosa la sentimita mbili tu kwenye urefu linabadilisha jibu zima.

Baba akisema chati hizo ni za wazungu mwambie hizi za 2006 zilitengenezwa kwa kupima watoto wa nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na kilichoonekana ni kwamba watoto wadogo wakilishwa vizuri na wasipougua ugua wanakua karibu sawa popote walipo. Ukoo una nafasi yake simkatalii, kuna watoto wanazaliwa na hamu kubwa ya kula kuliko wenzao, lakini mtoto wa namna hiyo ndo anahitaji nyumba iliyopangika zaidi.

Kitu kingine, kadi ya kliniki. Mchoro ambao wengi wetu tunauangalia ni ule wa uzito kwa umri, mama anaona mwanae yuko juu juu kabisa anarudi nyumbani kafurahi, na wengi wakishamaliza chanjo ya miezi 18 hawarudi tena kliniki mpaka mtoto aumwe. Ule mchoro unashika vizuri mtoto aliyepungua, aliyezidi haumuonyeshi vizuri kwasababu haujui urefu wake. Kuna mtoto mfupi aliyedumaa ambaye kwa umri uzito wake unaonekana wa kawaida tu, ukiuweka na urefu unakuta amezidi, na huyo tunakutana nae sana mjini siku hizi. Kwaiyo ukifika waambie wakupimie uzito kwa urefu.

Wa kumpeleka kwa daktari bila kusubiri ni mtoto anayekoroma sana usiku na kama anakata pumzi, anayekunywa maji kupita kawaida na kukojoa kila saa, aliyepata weusi mnene kama uchafu usiotoka nyuma ya shingo au kwapani, anayelalamika magoti au nyonga, au anayenenepa huku urefu umesimama. Na kama ametumia vidonge au sirapu za steroidi muda mrefu, labda kwa ajili ya pumu, sema. Usipoona hata kimoja kati ya hivyo, kazi iko nyumbani kwenu.

Dieti hapana, na nasema hapana kwa nguvu kwasababu nimeshaona watoto wa miaka minne wananyimwa chakula cha usiku, wenzao wanakula wao wanaangalia, mwisho wa siku wanakwenda kuchota sukari kabatini kwa mkono. Mtoto wa umri huu anajenga mifupa na ubongo, humpunguzii chakula. Tunachotaka ni uzito usimame au upande pole pole wakati urefu unaendelea na safari yake. Angalia hesabu, mtoto wa miaka minne anarefuka sentimita 6 au 7 hivi kwa mwaka. Mwakani akifika 112 na kilo zake zile zile 21 ile 19 inakuwa 16.7. Hata akiongeza kilo moja inakuwa 17 na nusu, bado kashuka vizuri, na hajanyimwa hata tonge moja.

Sasa mama mkwe, maana hapa ndo patamu na ndo panapowashinda wengi. Usimuone mjinga. Yeye kakua anaona kwashakoo, mtoto miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, surua ikipita inabeba waliokonda. Kwake mashavu ni akiba. Na tatizo lenyewe halijaisha, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, kwaiyo hofu yake ina msingi. Ila kuna kitu hajaambiwa na wewe pia inawezekana hujaambiwa. Mtoto ananona karibu na mwaka wa kwanza, mapaja yana mikunjo, mashavu yamejaa, baada ya hapo anaanza kurefuka huku anapungua nyama, na inaendelea hivyo mpaka miaka mitano sita hivi ndo mwili unaanza kujaza tena. Mtoto mzima wa miaka minne ukimvua shati akinyoosha mikono juu mbavu zinaonekana kidogo na hana ugonjwa wowote, ndivyo mwili ulivyopangwa. Na hamu ya kula nayo inashuka, mwaka wa kwanza mtoto ameongeza uzito mara tatu ya aliozaliwa nao, akishavuka miaka miwili anaongeza kama kilo 2 tu kwa mwaka mzima, sasa atakula vile vile kwa ajili gani?

Hapo ndo nyumba inapoingia hofu. Mtoto hali, mtoto kakonda, watu watasemaje. Wanaanza kushindilia, maziwa yanaongezwa sukari, uji unaongezwa siagi, wanamfukuza na kijiko nyumba nzima. Na watoto wanaoanza kujaza mwili mapema kabla ya miaka mitano ndo wenye uwezekano mkubwa wa kubaki wanene ukubwani. Yani unene wa watoto wengi ninaowaona ulianza siku nyumba ilipoogopa wembamba ambao ulikuwa wa kawaida kabisa.

Kuna nyumba moja niliitwa, nikakaa kwenye mkeka nikasema nyie endeleeni kama kawaida. Dada ana bakuli la wali maharage, mtoto wa miaka mitatu kaegemea kochi, simu imesimamishwa kwenye mto inacheza katuni. Nikawa nahesabu vijiko kimya kimya. Cha saba mtoto kageuza uso. Cha tisa kakisukuma kwa ulimi, wali ukaanguka kifuani. Dada akawa anasubiri, katuni ikimchekesha mdomo ukifunguka tu kijiko kinazama, na tukaenda hivyo mpaka ishirini na mbili bakuli likawa jeupe, dada akafurahi akaniambia umeona, amemaliza. Yule dada hakufanya kosa kwa akili yake, aliambiwa asiporudisha bakuli tupu hajafanya kazi. Lakini mtoto alishasema nimeshiba kwenye kijiko cha saba, vijiko kumi na tano vilivyofuata vilikuwa vya kumfundisha kwamba tumbo lake halisikilizwi.

Na hili limepimwa. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapakulia watoto wa chekechea chakula kile kile kwa vipimo tofauti, kidogo, wastani na kikubwa. Wa miaka mitatu walikula karibu kiasi kile kile haijalishi sahani imejaa vipi. Wa miaka mitano walikula zaidi kila sahani ilivyokuwa kubwa. Kati ya mitatu na mitano mtoto anaanza kuacha kusikia tumbo na kuangalia sahani, na mwanao yupo katikati hapo hapo.

Kwaiyo kanuni ninayowafundisha nyumba zote, na sijaitunga mimi, iliandikwa na mtaalamu wa lishe wa Marekani anaitwa Ellyn Satter, ni kugawana kazi. Mkubwa anaamua chakula gani, saa ngapi na kinaliwa wapi. Mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Basi. Mkubwa haingilii kazi ya mtoto kwa kulazimisha wala kwa kunyang'anya, na mtoto haingilii kazi ya mkubwa kwa kulilia chipsi saa tano asubuhi. Wengi wetu tumegeuza, mtoto ndo anachagua menyu alafu sisi tunachagua kiasi.

Kwenye nyumba yako itakuwa hivi. Saa za kula zijulikane, milo mitatu na vitafunio viwili, katikati maji tu. Chakula kiliwe mezani au mkekani, simu na TV vimezimwa, na mtu mkubwa anakula nae chakula hicho hicho. Pakua kidogo, anza na kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, yani vijiko vinne vya wali, vinne vya maharage, mboga kidogo pembeni, akimaliza akasema bado mwongeze bila kununa. Miaka minne ana mikono, ajilishe mwenyewe, kama mnakula sinia moja mwekee upande wake. Akisema nimeshiba toa sahani, usiseme malizia tonge moja la bibi. Akirudi baada ya nusu saa anataka biskuti mwambie kwa upole chakula ni saa kumi, na saa kumi kweli apate. Wiki ya kwanza atalia, wiki ya pili atakujaribu, kaza bila kugomba.

Tuje kwenye sukari maana kwa ulivyoandika humo ndo zimejificha kilo nyingi. Kwenye vikundi vya kliniki huwa nabeba glasi ya kuonea, kijiko cha chai na bakuli la sukari, namwambia mama mmoja tengeneza siku ya mwanao, kila unachoweka kwenye kikombe chake weka kwenye glasi, na hakuna maneno yangu yanayofundisha kama ile glasi. Tufanye ya mwanao. Chai asubuhi vijiko viwili. Juisi ya boksi ya mililita 200, geuza boksi usome lebo, ukikuta gramu 11 kwa kila mililita 100 hizo ni gramu 22, kijiko cha chai ni gramu 4 kwaiyo ni vijiko vitano na nusu. Uji wa saa kumi tuseme vitatu. Maziwa ya usiku viwili. Hapo ni vijiko kumi na viwili na nusu, na sijagusa biskuti wala sukari iliyo kwenye maandazi wala soda ya jumapili. WHO wanasema sukari ya kuongeza, pamoja na ile ya juisi hata kama ni ya tunda halisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka mpaka 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kalori kama 1,300 asilimia 10 ni vijiko nane, asilimia 5 ni vinne tu. Fanya hii glasi kwako jumapili nyumba nzima ikiwepo, mwache mama mkwe ndo achote mwenyewe.

Kupunguza usikate ghafla, mtoto atagoma na nyumba itakugeuka. Nusu kijiko kila wiki kwenye chai na uji, ulimi wa mtoto unazoea haraka kuliko wetu. Juisi ya boksi ndo nataka itoke kabisa, aende na chupa ya maji na ndizi au chungwa lililomenywa au vipande vya embe kipindi cha embe. Na usije ukakimbilia sukari za dukani zisizo na kalori, WHO mwaka 2023 walishauri zisitumike kudhibiti uzito, na kwa mtoto zinaendeleza kuzoesha ulimi utamu.

Ile chupa ya usiku iache. Miaka minne hahitaji chupa, meno yanaoza na kalori zinaingia wakati tumbo limeshajaa. Maziwa yenyewe ni mazuri, kikombe kimoja cha asubuhi na kingine cha jioni kabla ya kula au pamoja na chakula vinatosha, ayanywe kwenye kikombe, bila sukari, alafu apige mswaki. Anacholilia usiku sana sana ni ule mkono wa mama na utulivu, maana mchana mzima hakukuona. Kaa nae dakika kumi, simulia hadithi, mkune mgongo. Nakwambia kwa uzoefu siku tatu nne ni ngumu, ya tano analala.

Maandazi, chapati, vitumbua, chipsi, sikwambii usipike tena. Wiki ina asubuhi saba, maandazi yawe mbili, zilizobaki viazi vitamu vya kuchemsha, magimbi, mihogo ya kuchemsha, yai na mkate, uji. Angalia mafuta yanavyomiminwa, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, na wengi tunamimina kwa kuinamisha dumu. Mwekee dada kijiko cha kupimia juu ya dumu, kwa sufuria la mboga la watu watano vijiko viwili vitatu vinatosha. Usimpikie mtoto mafuta mpaka yaelee ukidhani ndo lishe. Kuhusu uji wa lishe ule wa nafaka saba na karanga na soya, kwa mtoto aliyezidi uzito anayekula chakula cha nyumbani hauna lazima, uji mwepesi wa ulezi au dona unatosha, na saa kumi nyingine asinywe uji kabisa ale tunda na yai.

Mboga hataki, na mmeshamsema mbele za watu kwamba hataki, kwaiyo sasa ni sifa yake. Acheni kulisema. Watoto wengi wanahitaji kuonja kitu kipya mara nane mpaka kumi na tano ndo wakikubali, na sisi tunakata tamaa mara ya tatu. Weka kidogo tu kwenye sahani kila siku, ukubwa wa kidole gumba, kula yako kwa raha, usimwambie kula. Usimuahidi pipi akimaliza mchicha, hapo umemfundisha kwamba mchicha ni adhabu na pipi ndo tuzo. Mpeleke gengeni achague fungu mwenyewe, tembele au mchicha, achambue majani na bibi, hata kama anachambua vibaya. Mtoto anakula kirahisi kitu alichokishika.

Na hapa ndo unampa mama mkwe kazi yake. Usimfanyie semina. Muulize alivyokuwa mdogo walikula nini, atakwambia kunde, kisamvu, mlenda, dagaa, mihogo, na maji ya mtungi, soda ilikuwa ya sikukuu. Mwambie mama, mtoto huyu nataka ale kama ulivyokula wewe, nisaidie. Mkabidhi mboga na matunda ya nyumba yote, awe ndo msemaji wake. Bibi aliyenyang'anywa upishi atampa mjukuu pipi nyuma ya mlango, bibi mwenye cheo jikoni atakuwa mlinzi wako ukiwa kazini. Nimeona hii inafanya kazi kuliko kipeperushi chochote.

Baba sijui wako yukoje, ila wengi wanarudi na mfuko, chipsi au keki au juisi, mtoto anasikia geti anakimbia. Ule mfuko ni mapenzi, usiupige vita, badilisha kilichomo. Arudi na tikiti, na mpira, na stika, au arudi na dakika ishirini za kucheza nae. Pia asitoke mtu akatangaza nyumba hii soda marufuku, mwaka 1999 watafiti walionyesha watoto wa chekechea wakinyimwa chakula fulani kinachoonekana mbele yao wanazidi kukitaka na kukizungumzia. Kisiwepo ndani ya nyumba tu, na kwenye bethidei na Idi na Krismasi ale kama wenzie, amalize, maisha yaendelee.

Dada ndo mwalimu mkuu maana mtoto yuko nae masaa mengi kuliko wewe, sasa mfundishe kwa heshima. Kaa nae chini, mwonyeshe, mwambie kuanzia leo sikupimi kwa bakuli tupu, ntakuuliza tu alikula nini na alisema ameshiba au la. Kama hasomi vizuri mchoree saa za kula ukutani. Na ukimkuta mtoto kaacha chakula usimgombeze dada, siku utakayomgombeza ndo siku kijiko na katuni vinarudi.

Kucheza na kulala. WHO mwaka 2019 walisema mtoto wa miaka mitatu na minne apate dakika 180 za kuchangamka kwa siku, sitini kati ya hizo awe anahema kweli, TV na simu visizidi saa moja, na alale masaa 10 mpaka 13 kwa siku. Najua nyumba za Tabata, za kupanga, uwanja hamna na nje kuna bodaboda. Ua wa ndani unatosha kwa rede, kombolela, kuruka kamba, kucheza muziki, kubeba ndoo ndogo, na kwenda gengeni kwa miguu badala ya kubebwa. Usingizi ndo unapotea kimya kimya, wewe unakaa kwenye foleni unafika saa mbili, mtoto anakusubiri, mnakula saa tatu na nusu, analala saa tano, saa kumi na moja anaamshwa kuwahi basi la shule. Hayo ni masaa sita. Mtoto asiyelala vizuri anakula zaidi na anataka vitamu. Mtoto ale saa kumi na mbili na nusu na bibi na dada, ukifika saa mbili unamkuta kaoga, unampa zile dakika zako, saa mbili na nusu yuko kitandani. Najua unapenda kula nae, muwekeeni jumamosi na jumapili.

Shuleni ongea na mwalimu aliyekwambia, anaonekana anajali. Muombe wazazi wa bebi klasi wakubaliane lanchi boksi ya maji na tunda na kitu kimoja cha nyumbani, maana mtoto wako peke yake na chungwa katikati ya krips ishirini utamtesa.

Na jamani hilo jina la bonge, kama lipo hapo nyumbani lifutwe leo, hata la utani. Asipimwe mbele za watu, asiambiwe wewe usiongeze wenzako waongeze. Yeye asijue kama anarekebishwa, aone tu nyumba yetu siku hizi tunakula hivi.

Usianze yote kwa mpigo. Wiki hii chupa ya usiku na juisi ya boksi tu. Wiki ijayo katuni wakati wa kula na sahani ndogo. Kisha sukari ya chai. Mpime baada ya miezi mitatu, sio kila wiki, na urefu pia, uniandikie namba zote mbili. Ukienda Juni au Desemba kwenye matone ya vitamini A na dawa za minyoo ndo hapo hapo omba wapime.

Huyu wa miezi 8 usimsahau kwenye haya yote. Yeye ndo bado hajazoea sukari kabisa, uji wake usiwekwe sukari wala asali wala chumvi, asipewe juisi, aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na apate chakula laini chenye dagaa waliosagwa, kiini cha yai, parachichi, maharage yaliyopondwa na mboga. Akifunga mdomo umeshajua anasema nini. Mwambie dada aanze na huyo, leo jioni.